Shukrani kwa aliyeniuliza namba ya toleo

Ndugu yangu, jina lako silitaji kwa kuwa hukupenda litajwe, lakini shukrani zangu nazitoa hadharani.

Draiva yangu ya xHCI (kiolesura cha kontrola za USB 3.0) ilikuwa inakwenda vizuri kwenye mashine mpya. Kwenye kadi ya zamani ya USB 3.0, flashi inatambulika, inasoma kidogo, halafu kimya. Hakuna kosa linaloonyeshwa. Wengine waliniambia nibadilishe waya, ushauri ambao kila mwenye shida ya USB hupewa bure.

Wewe waya hukuugusa. Uliuliza tu: rejista ya HCIVERSION, inayotaja toleo la xHCI ambalo kontrola inalifuata, inasema nini? Mashine mpya ilitoa 0100, yaani toleo 1.0, kadi ya zamani 0095, yaani 0.95. Ukanieleza kwa utulivu kwamba mwisho wa pete, yaani foleni ya duara ambamo draiva huweka maagizo (TRB) ya kontrola, kuna TRB ya kiungo inayoirudisha kontrola mwanzoni, na kwamba kontrola za toleo 0.95 zinataka biti ya mnyororo, inayounganisha TRB na inayofuata kuwa kazi moja, ibaki 1 kwenye kiungo hicho wakati wote. Kwenye matoleo ya baadaye draiva huiwasha pale tu kazi moja inapovuka kiungo. Ndiyo maana kadi ilikuwa inakwama pete ikizunguka, si kabla. Ukanionyesha na kerneli ya Linux inavyoitenga hali hiyo kwa sharti dogo tu.

Nimeweka sharti kama hilo. Kadi sasa inakopi faili kubwa mpaka mwisho, na mashine mpya haijaharibika chochote. Ahsante sana, na usichoke kujibu maswali yetu.