Barua ya wazi kwa ami: ndege ya chata, teksi ya mtandao na mji wa kamari

Ami yangu mpendwa,

Shikamoo. Sisi huku Mombasa hatujambo, hofu na mashaka ni kwako wewe uliyeamua, baada ya miaka yote ile ya kushika usukani, kwenda kustarehe Lamu, mji ambao punda wana haki ya njia kuliko magari. Barua hii nimeiandika wazi, kila mtu aisome, kwa sababu habari za safari yangu zimekufikia zikiwa zimetiwa chumvi, na kwa sababu miongoni mwa watakaoisoma wamo madereva wa mji huu ambao kazi yao ya leo ndiyo iliyokuwa kazi yako.

Umeambiwa kwamba nilikwenda Marekani kucheza kamari. Kwenda kwenye mji wa kamari nilikwenda. Kucheza sikucheza, na wewe uliyekuwa ukinipeleka chuoni kila alasiri unajua sababu yake bila ya mimi kuieleza. Rafiki yangu tuliyesoma naye, ambaye sasa amekaa jimbo la Minnesota, alikuwa amelipia nafasi mbili katika safari ya pamoja kwenda Laughlin, jimbo la Nevada. Mkewe akanyimwa ruhusa kazini, nafasi ikaniangukia mimi niliyekuwa mgeni wao, na kwa kuwa nje theluji ilikuwa imefika magotini sikungoja kubembelezwa. Ninachotaka kukuhadithia si kasino. Ni jinsi nilivyofikishwa huko na kurudishwa, kwa sababu sijapata kusafirishwa kwa utaratibu kama ule, na ni wewe uliyenifundisha kutazama mambo hayo. Ulikuwa ukisema kwamba msafiri hataabiki akiwa kitini. Hutaabika pale anapoinuka kwenye kiti kimoja kabla hajajua kingine kiko wapi.

Unakumbuka siku za ndege za Wajerumani pale uwanja wa ndege wa Port Reitz, za kampuni za Condor na LTU, teksi zimepangwa foleni na wakala wa hoteli wameinua vibao vyao. Wewe uliwaona watalii wale kuanzia walipotokeza mlangoni na sanduku zao. Safari hii mimi nilikuwa upande wa ndani wa mlango, na nimeelewa kwa nini walikuwa wakitoka wakiwa wametulia vile.

Ndege ya chata haiuzi kiti kimoja kimoja kama ndege ya ratiba. Wenye kasino huikodi nzima, rubani, wahudumu na mafuta, kisha hukigawa kila kiti pamoja na kitanda katika hoteli yao, kwa idadi ya siku inayojulikana. Kwa hiyo watu wote waliomo wanakwenda mahali pamoja, watalala mahali pamoja, na watarudi siku moja. Hakuna wa kuunganisha ndege nyingine, hakuna wa kukimbizana na lango. Tuliondoka kwenye uwanja mdogo usio na pirikapirika, foleni ya ukaguzi ikiwa fupi, wasafiri wengi wakiwa wastaafu wanaofahamiana kwa safari za miaka iliyopita, wakiulizana habari za magoti na za wajukuu. Sanduku langu lilifungwa kitambulisho chenye jina la hoteli na nambari yangu, nikaambiwa nisilifikirie tena mpaka nitakapolikuta chumbani.

Jambo lililonifurahisha kuliko yote lilitokea tukiwa bado angani. Mama mmoja wa makamo, aliyetumwa na hoteli, alipita kati ya viti akiwa na kasha la bahasha, akasoma majina kwa sauti, na kila mtu akapokea yake. Ndani ya yangu mlikuwa na kadi ya kufungulia chumba, nambari ya chumba imeandikwa kwa mkono nyuma ya karatasi, na saa ambayo basi la kurudi litaondoka. Fikiria, ami: mtu yuko juu ya mawingu na ufunguo wa chumba anao mfukoni. Wale watalii uliokuwa ukiwafikisha hotelini Diani usiku, baada ya kusubiri feri ya Likoni, wakasimama tena mapokezi na fomu mkononi huku watoto wamelala mabegani, wangalimwombea dua mama yule.

Uwanja tuliotua hauko Nevada. Uko Bullhead City, jimbo la Arizona, na mto Colorado ndio mpaka. Kasino zimejipanga ng'ambo, zikiutazama mto. Mji wenyewe una jina la mtu aliyeuanzisha, Don Laughlin, aliyenunua hapo moteli ndogo iliyofilisika mwaka 1964, wakati ambapo Nevada ilikuwa imekwisha kuruhusu kamari tangu 1931, akaifungua hoteli yake ya Riverside mwaka 1966. Kwa muda mrefu wageni waliotoka upande wa Arizona walivushwa kwa mashua, na kwa gari ilibidi kuzunguka kupitia bwawa la Davis. Mwaka 1987 bwana huyo akajenga daraja kwa fedha zake, akalitoa kwa serikali za pande mbili. Mimi simsifu kwa biashara yake, lakini aliijua kanuni yako: alijua kwamba mgeni akitaabika kuvuka, fedha zake zitabaki ng'ambo.

Daraja hilo lina kioja chake. Arizona haibadilishi saa kwa majira, na wakati wa baridi iko mbele ya Nevada kwa saa moja. Basi letu lilipanda darajani saa tisa kasorobo na kushuka saa nane kasorobo. Simu zetu zilichanganyikiwa muda wote tulipokuwa kando ya mto, kwani zilidaka mnara wa ng'ambo moja, kisha wa ng'ambo ya pili, na kila aliyepanga miadi ilimbidi aulize ni saa za upande gani.

Sasa nije kwenye lile litakaloleta ubishi. Najua huzipendi teksi za mtandao. Uber ilipoingia Mombasa mwaka 2016 ulisema kwamba simu haiwezi kujua kwamba kwenye shimo la Kisauni hupitwi upande wa kushoto baada ya mvua, na mpaka leo sijapata wa kukupinga kwa hilo. Lakini nisikilize kwanza.

Rafiki yangu alikuwa amejiwekea kiasi cha kuchezea. Kilipokwisha, na kilikwisha upesi, aliinuka kwa heshima yake, tukatafuta jambo jingine la kufanya. Tulikuwa tumesikia habari za Oatman, kijiji cha zamani cha wachimba dhahabu kilichoko milimani Arizona, umbali wa kiasi cha kilomita 40, ambako punda hutembea barabarani bila mwenyewe. Mume na mke waliokaa mbele yetu ndegeni nao walitaka kwenda. Tukaita gari moja kwa simu, watu wanne, nauli tukaigawa nusu kwa nusu. Kabla gari halijafika tulikuwa tumekwisha kujua bei, jina la dereva, aina ya gari na nambari yake. Hakuna aliyepandisha wala kushusha. Hakuna mgeni aliyehisi kwamba anaibiwa, wala dereva aliyehisi kwamba anatukanwa kwa bei ya kudharauliwa. Wewe kwa kupatana bei ulikuwa fundi, ami, lakini kumbuka ni wageni wangapi waliokaa kimya njia nzima mpaka Nyali kwa sababu tu hawakuwa na hakika kama wamepatana vizuri.

Dereva alikuwa mzee wa makamo yako, mstaafu, gari lake safi na chupa za maji zimewekwa mlangoni. Neno lake la kwanza baada ya salamu lilikuwa swali: mnataka kurudi saa ngapi, na kwa saa za upande gani? Kisha akatuambia jambo ambalo simu haikutuambia, kwamba milimani kule mtandao hukatika, na abiria wengi hufika kijijini wakabaki hawawezi kumwita mtu wa kuwarudisha. Akasema atatungoja. Hakutaka tumwahidi kitu. Alikaa kwenye kivuli cha duka la vikumbusho akisoma gazeti, sisi tukazunguka.

Punda wa Oatman ungewapenda, ingawa wangekuudhi. Ni kizazi cha punda walioachwa na wachimbaji dhahabu ilipokwisha, na sheria ya nchi ya mwaka 1971 inawalinda. Hawabebi chochote. Husimama katikati ya barabara, huingiza kichwa kwenye dirisha la gari wakiomba chakula, na magari hungoja mpaka waridhike. Nikawaza wenzao wa Lamu waliopakiwa mawe ya ujenzi tangu alfajiri, nikaona heri wasipate habari hizi.

Wakati wa kurudi nilimuuliza mzee yule kuhusu kazi, kama ambavyo ungeniagiza nimuulize. Gari ni lake, mafuta ni yake, matairi ni yake, bima sehemu kubwa ni yake. Akatuonyesha kwenye simu fungu lake la nauli ya kwenda, na rafiki yangu akatoa yake kuonyesha tulicholipa. Mwanya ulikuwa mpana kiasi kwamba mzee alicheka, kicheko cha mtu aliyekwisha kuzoea. Nikamwambia kwamba kwetu Kenya kanuni za mwaka 2022 ziliiwekea kamisheni ya kampuni hizi kikomo cha asilimia 18. Akaniuliza kama kikomo hicho kinafuatwa. Swali hilo ninawaachia madereva wa Mombasa walijibu wenyewe, maana wao ndio wenye simu hizo mikononi. Bakshishi tuliyompa ilizidi nusu ya nauli, na bado niliona tumedaiwa.

Kwa hiyo usidhani nimerogwa na raha. Nilijiuliza kila hatua ni nani anayelipa. Kwa teksi, jibu nililipata Oatman. Kwa ndege, nililipata kwenye meza ya ruleti, mchezo wa kubahatisha kijipira kitaangukia kishimo gani cha gurudumu, nikiwa nimesimama nyuma ya rafiki yangu. Gurudumu la Marekani lina vishimo 38: nambari 1 hadi 36, kimoja cha sifuri (0), na kimoja cha sifuri mbili pamoja (00). Ukiweka dola moja juu ya kila kishimo, utakuwa umeweka dola 38, na lazima utashinda kimoja; ukishinda utalipwa 35 pamoja na ile moja yako, jumla 36. Dola mbili zimebaki na mwenye meza, na hakuna hila wala mashaka katika hilo, ni hesabu ya darasa la nne. Zidisha dola mbili hizo kwa ndege nzima ya wastaafu wanaocheza asubuhi na jioni, na utaona kwamba kiti changu, bahasha yangu na basi la kunivusha mto vilikuwa vimekwisha kulipiwa na watu waliokuwa wakicheka pembeni yangu. Mimi nisiyecheza nilikuwa hasara ndogo katika daftari la hoteli, na sikuona haya kuwa hivyo.

Kurudi kulikuwa kama kwenda. Sanduku tuliziweka nje ya mlango usiku, asubuhi hazikuwepo, na basi liliondoka saa ile ile iliyoandikwa kwenye bahasha. Uwanjani tulipishana na kundi jipya lililoshuka kwenye ndege tutakayopanda sisi, kwani ndege ya chata haitakiwi kuruka tupu upande wowote. Wao walikuwa na makoti mazito na sauti za juu; sisi tulikuwa tumeyakunja makoti mikononi. Wewe umeliona jambo hilo Port Reitz mara nyingi, Wajerumani weupe wakiingia na Wajerumani wekundu kwa jua wakitoka.

Uliuliza, kwa kupitia kwa shangazi, kama nikialikwa tena nitakwenda. Nitakwenda, na safari hii nitashukia kwenye bwawa la Davis nikalitazame vizuri, kisha nimtafute mzee yule.

Nami nina swali kwako, na ningeomba unijibu kwa sauti kwenye simu ya binti yako ili niweze kuwasikilizisha na wengine. Leo barabara ya Dongo Kundu imewapunguzia watalii wa Diani adha ya feri, na hoteli nyingi bado zinawapokea kwa kibao na fomu. Je, zama zile za Condor, kabla ya simu hizi, mlijuaje ni abiria yupi wa nani? Mzee mmoja pale Makupa ameniambia kwamba mlikuwa na orodha iliyopita kutoka kwa wakala hadi kwa msimamizi wa foleni, na kwamba wewe ndiwe uliyekuwa ukiishika. Kama ni kweli, nieleze ilivyoandikwa.

Wasalaam,
Mwana wa nduguyo, Mombasa