Mhariri, tupeni muda wa kusimama tukaze mzigo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Mimi ni dereva wa trela, kwangu ni Tororo, nilianza kama tanboi, yaani utingo, na hii barabara ya kutoka Malaba kwenda Kampala mpaka Mbarara na Katuna nimeizoea kama njia ya kwenda kisimani. Malori yakianguka huwa nasikia watu wanalaumu mwendo kasi, breki mbovu, dereva kusinzia, na ni kweli yapo hayo yote, sikatai. Lakini kuna jambo moja halisemwi kabisa, nalo ni mzigo kulegea gari likiwa njiani. Watu wanadhani ukishafunga basi umefunga. Hapana jamani.

Wacha niseme yaliyonipata. Nikiwa bado tanboi tulipakia nondo Jinja, zile za mita 12, kama tani 20 hivi, tunapeleka Mbarara. Mzee niliyekuwa namfanyia kazi alikuwa dereva safi, hanywi, hakimbizi gari. Tulifunga kwa minyororo miwili maana ndiyo tajiri, mwenye lori, alikuwa ametupa, na wapakiaji kwa ile haraka yao waliacha nafasi ya kama urefu wa mkono kati ya ncha za nondo na ukuta wa mbele wa bodi. Ile nafasi niliiona kwa macho yangu nikanyamaza, nilikuwa kijana bado, nikasema nitamfundishaje mzee kazi yake.

Tukaingia msitu wa Mabira mvua imeanza, boda ikakatiza mbele yetu imebeba mama na mtoto, mzee akakanyaga breki na gari likasimama vizuri kabisa, boda ikapita salama. Nondo ndizo hazikusimama. Nilisikia mlio kama mabati yanaburutwa, ule ukuta ukapinda, nondo tano au sita zikapasua mgongo wa kabini zikatokeza hapo kati yetu, moja ikamchana mzee bega la kushoto mpaka mfupa ukaonekana. Mkono ule mpaka leo hauinuki kupita kichwa, na usukani ameuacha.

Kitu kinachonikaa moyoni ni hiki. Baadaye nilienda kuangalia minyororo, nikidhani imekatika. Haikukatika hata mmoja. Ilikuwa imelegea tu, ukiushika unacheza mkononi, na mimi mwenyewe ndiye niliikaza Jinja kwa kutumia bomba mpaka ikalia! Hata kilomita 50 hatukuwa tumemaliza.

Sasa nimeshaelewa kwa nini. Nondo zikitikiswa na barabara zinajipanga upya, za juu zinazama kwenye nafasi za chini, fungu linapungua na mnyororo unabaki mrefu. Magunia ya mahindi ni hivyo hivyo, yanajikalia, na magogo ya mikaratusi ndiyo mabaya zaidi maana ganda likibanduka kamba inabaki haina inachoshika. Kamba ya nailoni nayo ikinyeshewa inavutika. Kwa hiyo uwe umefunga vizuri namna gani, baada ya mwendo kidogo lazima usimame, ushuke, ushike kila mkanda kwa mkono na ukaze tena. Marekani hilo liko kwenye sheria, dereva anatakiwa akague mzigo kabla hajamaliza maili 50 za kwanza, yaani kilomita 80, halafu aendelee kukagua kila baada ya saa 3 au maili 150, inategemea kipi kimetangulia, na pia hali ya kazi ya dereva ikibadilika, kama akitoka kuendesha kwenda kupumzika. Kwetu kilomita 80 kutoka Malaba ni kama ushafika Naluwerere pale Bugiri, ambako malori yanasimama kila siku kwa ajili ya chakula na kulala. Tunasimama tayari! Tunakula, tunapiga tairi rungu kusikia kama zina upepo, tunaondoka, na mkanda hakuna aliyeugusa.

Na nguvu yenyewe watu hawaijui. Hesabu wanayotumia Ulaya na Marekani ni kwamba mzigo uzuiwe usiende mbele kwa nguvu inayofikia asilimia 80 ya uzito wake, na kwa pembeni asilimia 50. Kwa hiyo nondo zetu za tani 20 mzee alipofunga breki zilikuwa zinaweza kusukuma mbele kama kitu cha tani 16. Minyororo miwili iliyolegea itafanya nini hapo? Halafu kuna jambo la mshazari, mkanda uliosimama wima unakandamiza mzigo kwa nguvu yake yote, ila ukilala mpaka nyuzi 30 kutoka sakafu ya bodi unabaki na nusu tu, na mzigo usioinuka juu kama nondo mikanda yake lazima ilale. Ndiyo maana mzigo wa hivyo haushikwi kwa kukandamiza peke yake, usogezwe mpaka uguse ukuta wa mbele, na kama haufiki weka mbao na kabari pale kwenye nafasi, na chini tandika vipande vya mpira wa tairi kuukuu maana chuma juu ya chuma chenye mafuta kinateleza kama sabuni. Tairi kuukuu zimejaa kila gereji, hiyo si gharama.

Wenye kontena nao nawaomba. Trela ina loki nne za kushika kontena, kila kona moja, na kuna madereva wenzangu wanaziacha wazi makusudi wakiamini kontena likilalia upande litadondoka peke yake na gari litabaki limesimama. Ndugu zangu, likidondoka linamdondokea nani? Kontena la futi 40 tupu tu linakaribia tani 4. Ukiwa Lukaya pale vijana wanakimbilia madirisha ya mabasi na nyama choma na gonja, yaani ndizi za kuchoma, wamejaa kando ya barabara. Zungusha loki zote nne. Iliyoshika kutu itiwe grisi au ing'olewe iwekwe nyingine.

Mizani ya barabarani nayo tusiitegemee kwa hili. Sheria ya Afrika Mashariki ya 2016 inasema gari lisizidi tani 56 na kila ekseli ina kipimo chake, sawa, lakini mizani inasoma uzito, haiwezi kukwambia mnyororo umelegea. Unaweza kupita mizani ya Busitema karatasi yako ni safi kabisa na mzigo ukakuua mbele ya Iganga. Na hao wanaokaa juu ya matoke na juu ya magunia siku za soko, huwa nashindwa hata niseme nini, mzigo ukisogea wao ndio wa kwanza kwenda chini.

Lakini Mhariri, barua hii hasa nawaandikia matajiri, wenye malori. Sisi tunajua kusimama. Shida ni simu. Ukisimama dakika kumi tu simu inaita, uko wapi, mbona gari halitembei, naiona kwenye traka (kile kifaa kinachoonyesha gari liko wapi), unauza mafuta? Dereva anaogopa kushuka kukaza mkanda kwa sababu ataonekana mwizi. Nimewahi kukatwa pesa ya safari kwa kusimama hivyo, na picha ya mkanda uliolegea niliituma. Basi tukubaliane, kituo cha kwanza kiandikwe kwenye karatasi ya safari kama mafuta yanavyoandikwa, dakika kumi au kumi na tano, dereva na tanboi wazunguke gari wote wawili, wakaze, wapige picha, watume. Na tanboi aruhusiwe kusema nimeona nafasi pale mbele, asinyamaze kama nilivyonyamaza mimi.

Mnunue na mikanda ya kutosha. Ya racheti, yenye kile kitambaa kilichoshonwa kuonyesha inabeba kilo ngapi, na ikichanika itupwe, isifungwe fundo ikarudi kazini. Mimi sasa natembea na ya kwangu sita, nimenunua kwa pesa yangu, na tanboi wangu ana ruhusa ya kuniamuru nisimame. Wiki iliyopita alinisimamisha mara mbili kabla ya Iganga, na mara zote mbili alikuta mkanda umelegea.

Dereva wa trela,
Tororo