Msituambie tubonyeze kabla ya kuuliza taa

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na vijana wanaopokea simu za wateja kwenye kampuni za intaneti. Nina steshenari hapa Mwanga, Kigoma. Jumatatu nimefungua duka, ruta inawaka lakini intaneti hakuna, na binti mmoja kutoka Ujiji amesimama anasubiri kutuma fomu ya chuo. Nikapiga simu. Kijana hakuniuliza lolote: “Mama, nyuma kuna kitundu kimeandikwa RESET, tafuta kitu chenye ncha ubonyeze mpaka taa zizime.” Nikachomoa pini ya mtandio, nikabonyeza, nikahesabu hadi kumi na tano. Taa zikazima, zikawaka. Ile iliyoandikwa LOS, yaani taa ya kuonya kwamba mawasiliano hayafiki kwenye ruta, ikabaki nyekundu vilevile ilivyokuwa tangu asubuhi.

Kumbe nimejiongezea balaa. Kuzima na kuwasha ni kuchomoa waya wa umeme, kungoja kama nusu dakika, kisha kuchomeka, hakuna kinachopotea. Kile kitundu kinairudisha ruta ilivyotoka kiwandani. Jina la Wi-Fi likafutika, paswedi yake ikafutika, na pia jina la mtumiaji na paswedi ambavyo ruta yangu hujitambulishia kwa kampuni. Hivyo viwili sijawahi hata kuviona. Aliyenifungia aliondoka navyo kwenye simu yake.

Fundi alifika Alhamisi. Ruta hakuigusa kwanza. Aliangalia taa, akaniomba nisogeze madumu mawili ya mawese niliyoyabana ukutani (ndiyo, steshenari yangu inauza na mawese), na nyuma yake kulikuwa na ule waya mwembamba wa manjano, umekunjika kama kiwiko. Ndani ya waya ule mna uzi wa kioo, mwembamba kama unywele. Intaneti hupita humo kama mwanga, na uzi ukikunjwa sana mwanga haufiki. Akaunyoosha taratibu, nyekundu ikazima. Kilichobaki kilikuwa kujaza vile viwili nilivyofuta kwa pini yangu, kazi ya dakika mbili.

Siku nne, Mhariri! Swali la kwanza kwenye simu lingekuwa “LOS ina rangi gani?”, nisingebonyeza kitu. Na mafundi, mkimaliza kufunga, mwachieni mteja jina la mtumiaji na paswedi kwa maandishi. Yangu nimemsimamia fundi akaniandikia kwa kalamu, karatasi ipo kwenye droo ya pesa. Binti wa Ujiji hajarudi.

Mama Steshenari,
Mwanga, Kigoma