Yoderaiti ni ya Kongwa, watoto wa Kongwa waione

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo kuhusu mawe. Silengi bei ya mawe, maana hiyo mnaiandika kila wiki na sina la kuongeza. Juni 2020, Saniniu Laizer alipoiuzia Serikali vipande viwili vya tanzanaiti, kimoja cha kilo 9.27 na kingine cha kilo 5.1, nchi nzima ilijua uzito huo kwa kichwa, na ikajua kwamba alilipwa zaidi ya shilingi bilioni 7. Nilifurahi kama Watanzania wengine. Lakini ingia leo katika darasa la kidato cha nne, uliza ile bluu ya tanzanaiti inatokana na nini. Ukipata mwanafunzi mmoja anayeweza kutaja vanadi, ile metali iliyomo kidogo ndani ya jiwe, mpongeze mwalimu wake.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa Jiografia, naishi Kongwa mkoani Dodoma. Tangu nistaafu nimejiunga na wenzangu wachache tunaokusanya mawe. Hatuuzi. Tunayaokota, tunayapima, tunayaandika, tunayahifadhi. Wapo wanaotuona wendawazimu, na wapo wanaodhani tumeficha rubi, kile kito chekundu cha thamani, mahali. Ndiyo maana naandika, kwa sababu tunachokifanya kinastahili kufanywa na kila shule ya sekondari nchini, na kwa sasa ni vigumu kukifanya bila hofu.

Nianze na kilima cha Mautia, kilichomo wilayani kwetu. Mwaka 1959 wataalamu wawili, McKie na Radford, walitangaza kwamba katika mwamba wa Mautia wamekuta madini ambayo sayansi haikuwa imeyajua kabla. Ni ya rangi ya zambarau iliyokolea, yamekaa pamoja na madini mengine, yaani talki, kayanaiti na kwatzi. Wakayaita yoderaiti, kwa heshima ya Hatten Yoder, Mmarekani aliyekuwa akichunguza katika maabara ya Washington jinsi madini yanavyojengeka chini ya mgandamizo mkubwa. Kwa miaka mingi hapakujulikana mahali pengine duniani yalikopatikana. Leo wakusanyaji wa Ulaya na Marekani wana vipande vyake kwenye makabati yao, na kwenye kikaratasi cha kila kipande pameandikwa Mautia, Kongwa, Tanzania. Nimefundisha watoto waliozaliwa karibu na kilima hicho, wakapita hapo na mbuzi wa baba zao, na hakuna kitabu cha darasani kilichonisaidia kuwaambia kwamba wanakanyaga kitu cha namna hiyo.

Mhariri, hilo linaniuma kuliko ninavyoweza kuandika.

Kikundi chetu hukutana Jumamosi ya kwanza ya mwezi katika chumba cha darasa tulichoazimwa. Hatuna jina la kujitapa nalo wala hatujasajiliwa kama chama. Mwenye jicho kali kuliko wote ni mama mmoja anayeponda kokoto kwa riziki yake. Amekaa na nyundo na lundo la mawe kwa muda mrefu kiasi kwamba anajua kwa mlio tu jiwe lipi litapasuka bapa na lipi litakuwa vipande vya hovyo. Sisi wasomi tulikuja na majina ya vitabuni. Yeye ndiye aliyetufundisha kuangalia jiwe upande lilipovunjika upya, kwa sababu ngozi ya nje imechomwa na jua na mvua na inadanganya. Yupo fundi mwashi. Yupo mtaalamu wa maabara wa sekondari, ambaye bila yeye tusingekuwa na sumaku wala lenzi. Yupo kijana wa bodaboda anayepita vijiji vingi na kurudi na habari za makorongo yaliyofunguliwa na mvua. Na yupo mchimbaji mdogo wa zamani, aliyekwenda Winza kule Mpwapwa wakati watu walipoikimbilia rubi, akarudi na afya yake, jambo ambalo anasema ni faida tosha.

Mzee wetu mmoja, baba yake alifanya kazi katika ule mpango wa karanga wa Waingereza ulioanzishwa hapa Kongwa mwaka 1947. Aliachiwa na baba yake masimulizi ya majembe ya trekta yaliyolika kama sabuni. Wengi wetu tuliambiwa karanga zilishindwa kwa ukame tu. Ukame ulikuwepo, na udongo wa mfinyanzi ulioganda kiangazi kama sakafu ulikuwepo. Lakini udongo huo una chembechembe nyingi za kwatzi, na kwatzi ina ugumu wa 7 katika kipimo cha Mohs, kile cha ugumu wa madini kinachoanzia 1 hadi 10, ilhali chuma cha kisu cha kawaida kiko kama 5 na nusu. Kwa hiyo kila mita ya shamba ilikuwa inasaga jembe. Siku mzee aliposimulia hayo, tukachukua kipande cheupe cha kwatzi kutoka barabarani tukakipitisha juu ya kisu, kisu kikaachwa na mchirizi. Vijana waliokuwepo hawatasahau kipimo cha Mohs mpaka wazeeke. Mimi nilikifundisha ubaoni kwa miaka na nadhani kilisahaulika siku ya mtihani.

Vifaa vyetu ni vya nyumbani. Ukucha, kisu, kwatzi, ndivyo vya kupimia ugumu. Talki inakwaruzika kwa ukucha. Kayanaiti ndiyo tunayoipenda kuwaonyesha wageni, kwa kuwa ina ugumu wa namna mbili katika jiwe moja: ukikwaruza kwa kisu kufuata urefu wake inaingia, ukikwaruza kwa kukatisha inagoma. Mtoto akiona hilo hulirudia mara tano. Nyuma ya kigae cha bafuni, ule upande usiong'arishwa, tunasugulia mawe kuona rangi ya unga wake. Jiwe la hematiti, lenye chuma ndani yake, linaweza kuwa jeusi linalong'aa, lakini likisugua kigae linaacha mstari mwekundu wa damu ya mzee. Ni wekundu huohuo wa chuma uliotumika katika michoro ya miambani kule Kolo, Kondoa, iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Tulipokwenda kuitazama tuliweka sharti kwamba nyundo zibaki nyumbani na mtu asiokote hata kokoto. Marumaru tunaijaribu kwa siki: ukikwangua unga kidogo na kudondoshea, inatoa povu.

Lakini kazi yetu kubwa ni kuandika. Kila jiwe likioshwa na kukauka linapakwa doa dogo la rangi nyeupe ya kucha, na juu ya doa hilo tunaandika namba kwa wino usiofutika. Namba inaingia daftarini pamoja na tarehe, kijiji, korongo au kilima, jina la aliyeokota, na lilikuwa limekaa vipi: limeshikamana na mwamba, au limeviringika tu mtoni. Kisha linakaa kwenye trei ya mayai, shimo lake. Anayejiunga leo huona uvivu kuandika yote hayo, lakini hatulegezi.

Sababu yake aliieleza vizuri yule mchimbaji wa Winza. Jiwe linatoka shimoni, linakwenda kwa dalali, dalali anamuuzia mwingine, na huyo mwingine anachanganya na ya kutoka kwingine. Likifika mjini hakuna anayejua tena lilitoka shimo gani, wala kijiji gani. Huko nje maabara kubwa za vito zinatoza fedha nzuri kuchungulia ndani ya jiwe kwa hadubini na kupima chembe zilizomo, ili zikadirie tu limetoka nchi gani, kwa kuwa asili yake inabadilisha bei. Taarifa hiyo ilikuwepo bure kwenye mdomo wa aliyelichimba, na ikapotea kwa kukosa kalamu. Rubi ya Winza na krisopresi ya Haneti, ile ya kijani inayopata rangi yake kwa nikeli, zote ni za mkoa wetu huu mmoja. Nitajie shule moja ya mkoa yenye vipande vya vyote viwili, hata vile visivyofaa kukatwa, vikiwa na majina ya vijiji vilikotoka. Mimi sijaiona.

Sasa nije kwenye hofu niliyoitaja. Sheria ya Madini ya mwaka 2010 inamtaka anayemiliki madini awe na leseni au kibali. Nia yake ni njema na naiunga mkono kwa moyo wote. Tumeibiwa vya kutosha. Ila katika sheria hiyo hata mchanga, kokoto na mawe ya kujengea yamo kama madini ya ujenzi. Mwanafunzi mwenye boksi la mawe ishirini ya kuonyesha kwenye maonesho ya sayansi yuko upande gani? Mwaka jana kijana wetu wa bodaboda alisimamishwa kwenye kizuizi kimoja cha barabarani akiwa na mfuko wa sampuli tulizokuwa tumempa apeleke shule ya kijiji jirani. Alijieleza, akaonyesha nakala ya daftari. Hakuaminika. Mfuko ulimwagwa chini, vikaratasi vikapeperuka, akakaa pale mpaka jioni. Mawe mengine yalirudi, mengine hayakurudi. Tuliweza kuyapanga upya yale yenye namba za rangi ya kucha tu. Yale ambayo yalikuwa bado hayajapakwa rangi, yenye vikaratasi peke yake, yalibaki mawe matupu, tukayamwaga barabarani. Katika mfuko ule hapakuwa na hata jiwe moja linalouzika. Simlaumu aliyemsimamisha, kwa sababu hakuna karatasi yoyote rasmi inayomwelekeza kutofautisha sampuli ya shule na mzigo wa magendo.

Kwa hiyo ninaiomba Tume ya Madini iandae mwongozo mfupi, ukurasa mmoja unatosha, unaoruhusu shule na vikundi vya kujifunza kumiliki sampuli kwa uzito utakaowekewa kikomo, zisizouzwa, zenye daftari linaloweza kukaguliwa wakati wowote. Ofisi ya madini ya mkoa ipige muhuri kwenye daftari. Sisi tuko tayari kuwa wa kwanza kukaguliwa.

Naiomba pia Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, GST, ambayo makao yake yako hapahapa Dodoma. Najua ninyi ndio wenye ramani zile za jiolojia za kipimo cha 1:125,000, zilizochorwa kwa miguu ya watu waliotembea porini. Kila sekondari ingepata nakala ya ramani ya eneo lake, ibandikwe ukutani, pamoja na sampuli chache zilizokwisha kutambuliwa na mtaalamu ili walimu wapate pa kulinganishia, ufundishaji wa miamba ungebadilika ndani ya muhula mmoja. Mwalimu anayefundisha mwamba geu, yaani uliobadilishwa na joto na mgandamizo, kwa mchoro wa ubaoni, na nje ya dirisha mwamba geu wenyewe umesimama, hana kosa. Hakupewa njia ya kuunganisha ule wa ubaoni na ule wa nje.

Na wazazi wenzangu, mtoto akirudi na mawe mfukoni msimgombeze. Mwulizeni ameyaokota wapi, aandike. Mkatazeni jambo moja tu kwa ukali: asiingie kwenye mashimo yaliyoachwa na wachimbaji. Kuta zake hulowa masika na kuporomoka bila kutoa onyo. Kikundi chetu hakiingii shimoni, na atakayeingia hatakuwa nasi tena.

Kuna madini yaliyopewa jina la Baba wa Taifa, na Watanzania wachache sana wanajua. Yanaitwa nyerereaiti, ni kaboneti ya sodiamu na kalsiamu, na yanatoka katika lava ya Oldoinyo Lengai, volkano pekee duniani inayojulikana kutoa lava ya namna hiyo katika zama hizi. Lava hiyo inatoka nyeusi, kisha kwa unyevu wa hewa inageuka nyeupe, na madini yenyewe yanaharibika. Ndiyo maana huwezi kuyaweka tu kwenye trei ya mayai. Yanataka chombo kilichozibwa hewa isiingie. Kikundi chetu hakina kipande. Siku taasisi yenye uwezo itakapotupatia kimoja ndani ya chupa iliyozibwa vizuri, kitazungushwa shule zote za wilaya hii, nami nitakibeba mwenyewe kwenye basi.

Halmashauri ya Wilaya ya Kongwa tumekwisha kuiandikia tukiomba kibao cha bati kiwekwe njiani karibu na Mautia, kiandikwe kwa Kiswahili kwamba hapa ndipo yoderaiti ilipotambuliwa kwa mara ya kwanza, 1959, na kwamba ni haramu kuvunja mwamba. Fundi mwashi wetu amejitolea kujenga nguzo bila malipo, na saruji tumechangishana. Tunachosubiri ni ruhusa. Mwalimu yeyote wa Kongwa, Mpwapwa au Chamwino anayetaka kuanza kabati la mawe shuleni kwake aje Jumamosi ya kwanza ya mwezi, saa tatu asubuhi, na trei tupu ya mayai. Ataondoka na mawe yaliyoandikwa pamoja na nakala ya daftari, na tutamwonyesha namna ya kuendelea.

Mwalimu mstaafu wa Jiografia,
Kongwa, Dodoma