Barua kwa mwanangu anayekwenda kuchoma sindano

Mwanangu,

Habari za Arusha? Sisi hapa Pasua hatujambo, baridi tu ndiyo imekaza. Uliniuliza kwenye simu, ukianza fildi kliniki ya watoto uwaambie nini kina mama wanaoogopa chanjo. Nilikujibu juujuu kwa sababu wateja walikuwa wamenisimamia. Sasa nimekaa.

Waambie ukweli kabla hujawachoma. Mimi sikufanya hivyo, na mpaka leo linaniuma.

Unaukumbuka mwaka 2021, wakati wa korona. Tulizika sana mwanzoni mwa mwaka, kila msiba ni "changamoto ya upumuaji", nasi nyumbani tunapiga nyungu asubuhi na jioni. Januari Rais Magufuli alitutahadharisha na chanjo. Julai 28 Rais Samia akachanjwa mbele ya kamera, Ikulu Dar es Salaam, dozi zaidi ya milioni 1 za Johnson, chanjo ya korona, zikiwa zimeshaingia nchini. Watu hawakujua washike lipi. Wengine walisema ukichanjwa mkono unanasa sumaku, wengine eti miaka 2 huimalizi.

Nilikwenda Agosti. Nikasaini fomu kwamba nimekubali kwa hiari, nikachomwa mkono wa kushoto, nikakalishwa benchini dakika 15. Muuguzi alikuwa na foleni ndefu. Nilipomuuliza nitarajie nini, akasema, "Ni maudhi madogo madogo tu, mama, nenda." Hakutaja ni yapi, wala yanaanza lini, wala yanakwisha lini.

Yalianza saa 2 usiku. Nilisikia baridi mgongoni nikadhani ni Agosti ya Moshi, nikaongeza blanketi. Kufika saa 4 meno yanagongana, nimejifunika mablanketi mawili na kitenge cha bibi yako juu yake, na bado natetemeka mpaka kitanda kinalia. Kichwa kinagonga, kiuno kama nimelimishwa kihamba kizima. Mkono wa kushoto haukuinuka hata kushika kikombe. Mdogo wako ndiye aliyeninywesha maji na Panadol. Nikawa naihesabu ile miaka 2 ya watu wa sokoni, naona yangu imekwisha usiku mmoja. Alfajiri jasho likanitoka, khanga ikaloa ya kukamua, homa ikashuka. Mchana nikanywa mtori. Siku ya tatu nilikuwa sokoni Mbuyuni nashusha mikungu ya ndizi kwa mkono uleule.

Homa yenyewe ningeivumilia, mwanangu. Hofu ndiyo iliyonitesa, na hofu ile ilikuwa na dawa ya sentensi moja: "Usiku wa leo unaweza kupata homa na kutetemeka, kesho kutwa utakuwa sawa."

Jirani yangu wa meza pale sokoni akaniuliza ilikuwaje. Nikaogopa nikisema ataghairi. Nikamwambia, "Sikusikia chochote." Akaenda. Usiku wake ukawa kama wangu, ila yeye alijua mimi sikuumwa, basi akaamini yake ni sumu. Mumewe akamkimbiza hospitali kwa bodaboda usiku wa manane. Homa iliisha siku ya pili, imani haikurudi. Mjukuu wake alipofika miezi 9, wakati wa surua-rubela, alimkataza binti yake kumpeleka. Kadi ya mtoto yule imebaki na nafasi tupu, na uongo wangu una mkono hapo.

Hata yale makubwa yanayotokea kwa nadra usiyafiche. Hiyo Johnson yangu, Aprili 2021 Marekani waliisimamisha siku 10 wakichunguza damu kuganda kwa watu wachache sana, kisha wakaendelea kuchanja. Mimi nilikuja kusikia baadaye. Ningeambiwa mapema ningechanjwa vilevile, lakini ningejua kwamba kichwa kikikataa kupoa siku zinazofuata, mguu ukivimba au pumzi ikibana, hiyo si ya Panadol, ni ya kukimbilia hospitali.

Na hao watoto wako wa wiki 6: mwambie mama paja linaweza kuvimba likawa gumu, mtoto akalia kuliko alivyomzoea. Wewe ulichemka usiku kucha, nikakubeba kifuani nikilia, mpaka bibi yako akaamka akaniambia wote mlikuwa hivyo. Homa ya surua nayo hupenda kuja baada ya wiki nzima, mama ameshaisahau sindano, nayo itaje. Foleni ikiwa ndefu, bado itaje.

Jirani yangu nilikuja kumweleza ukweli mwaka jana. Alinyamaza, akaendelea kupanga ndizi zake chane kwa chane. Kisha akaniuliza bila kunitazama, "Kwa hiyo na wewe ulitetemeka?"

Nikamwambia, "Mpaka kitanda kililia."

Mama yako,
Pasua, Moshi