Tuwape ndege wa Arabuko-Sokoke majina yao

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika ukurasa wa barua. Mimi ni fundi cherehani hapa Malindi. Jumamosi ya mwisho ya Machi nilifunga duka, nikaandamana na marafiki watatu kwenda msitu wa Arabuko-Sokoke kutazama ndege. Tulifika Gede saa kumi na mbili kasorobo, giza bado lipo, darubini moja kwa watu wanne.

Kabla hatujaona kitu, tulisikia kitoto kichanga kikilia juu ya miti. Mwenzetu mmoja ni muuguzi wa wodi ya wazazi, alishtuka kweli. Kumbe ni hondohondo. Walivuka barabara ya mchanga mmoja mmoja, midomo mbele, na kilio kikawafuata.

Kwenye miti ya mirihi ndipo tulipokwama. Lilipita kundi la ndege wa aina tano au sita pamoja, wakitafuta wadudu majanini. Miongoni mwao alikuwemo mmoja mwenye kichwa cheusi na tumbo la manjano. Kijana wa Gede aliyetuongoza akasema huyo hapatikani popote duniani ila kaunti yetu ya Kilifi, na viota vyake hujengwa huko Dakatcha. Nikamuuliza, anaitwaje kwa Kiswahili? Akafungua kitabu: Kiingereza kipo, Kilatini kipo. Sisi wanne tumezaliwa Kilifi, na jina tulilokuwa nalo ni kwera tu, lile lile tunalomwita yule wa minazini.

Saa tatu, penye udongo mwekundu, kijana aliingia kichakani peke yake, kisha akatuita kwa kidole. Bundi wawili, kila mmoja mdogo kama ngumi yangu, wamebanana tawini, mmoja wa kijivu, mwenzake rangi ya kutu. Wataalamu walimjua bundi huyu mwaka 1965 tu, humu humu msituni, na baadaye akaonekana pia upande wa Usambara, Tanzania. Bibi yangu akisikia bundi juu ya paa alikuwa akitia chumvi motoni ili aondoke. Nimelelewa na hofu hiyo. Asubuhi ile nilisimama hatua chache kutoka kwao, nikawatazama wakisinzia, na hofu sikuiona.

Ombi langu, Mhariri, ni kipembe kimoja kila wiki: picha ya ndege mmoja, jina lake la Kiswahili, na anavyoitwa na Wagiriama, Wadigo, Wapokomo. Wasomaji walete wanayoyajua, hasa wazee. Mwanangu yuko gredi ya nne. Anamjua pengwini, wala hajui ni nani anayemwamsha kila alfajiri kwenye mwembe wetu.

Wa kwanza nawapa mimi: mbayuwayu. Tulipotoka msituni tuliwakuta wamejipanga kwenye nyaya za umeme kando ya barabara kuu, wengi mno, maana kaskazi inakwisha na wao wanarejea Ulaya, ambako baridi sasa inapungua. Watarudi mwezi wa tisa au wa kumi. Wengi humchanganya na kijumbamshale, lakini kijumbamshale hatui wayani.

Fundi cherehani,
Malindi