Mengo si ufalme wa mamlaka yote

Mhariri,

Wanaomwita Kabaka, mfalme wa Buganda mwenye makao yake Mengo, mtawala asiye na mipaka wasome kwanza Ibara ya 246 ya Katiba ya Uganda ya 1995. Kiongozi wa jadi haruhusiwi kuingia siasa za vyama, hana mamlaka ya kutunga sheria wala ya kiutawala, na raia halazimishwi kumtii au kuchangia gharama zake. Hata zamani kiti hicho kilitikisika: Kabaka Mwanga aling'olewa mwaka 1888 na vikosi vya bunduki alivyoviunda mwenyewe!

Anayetaka mfano halisi wa mfalme asiye na mipaka atazame Eswatini. Mwaka 1973 Mfalme Sobhuza II alifuta katiba, akapiga marufuku vyama, akajitwalia madaraka yote. Katiba mpya ilikuja 2005, lakini mfalme bado huteua waziri mkuu na maseneta 20 kati ya 30. Kwa hiyo kuwapo kwa bunge hakutoshi kuwa kipimo cha mipaka ya mfalme. Ulizeni nani huwateua wabunge, majaji na mawaziri, na nani aweza kuwaondoa.

Waandishi wenu wakiandika “serikali ya Mengo”, yaani utawala wa Kabaka, basi waongeze kwamba haina mamlaka ya kutoza kodi.

Msomaji wenu,
Kampala